Mwenye Mlango Hapigi Hodi

Huko milimani, upande wa Kibabi, nyumba haikujengwa na mtu mmoja. Siku ya kusimamisha nguzo kila mtu alikuja na chake: huyu miti, yule matete, mwingine kamba za mgomba, mwingine mzigo wa majani ya kuezekea. Asiyekuwa na kitu alileta miguu yake ya kukanyaga udongo. Vitu hivyo havikuandikwa popote, lakini havikusahauliwa. Aliyeleta nguzo ya katikati aliweza kuja hata baada ya miaka mingi, akaiegemea akingoja chungu kiive, na hakuna aliyemwuliza amefuata nini.

Mlango ulikuwa na sheria yake peke yake. Uliletwa na mwanaume wa nyumba, na aliyeuleta aliingia na kutoka bila kuuliza. Ndiyo maana watu walisema, mwenye mlango hapigi hodi. Msemo huo haukuwa umemsumbua mtu, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mwanaume wake, na kila mwanaume alijisukia mlango wake wa matete.

Ulimsumbua Céline mwaka wa pili baada ya Uhuru, wakati nyumba mpya ya mama yake ilipokwisha kujengwa, ukabaki mlango tu.

Baba yake, Faustin, alikuwa amekufa kwa kikohozi. Kisha mvua ya masika ikaja, udongo wa mlima ukashuka, ukaibeba nyumba aliyoiacha pamoja na chungu na mafiga. Majirani wakainua nyumba nyingine juu zaidi, mahali penye mwamba. Hakorimana, mdogo wa marehemu, alileta nguzo nzuri kuliko za wengine, akaleta na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, ili wafanyakazi wasikauke koo. Siku fungu la mwisho la majani lilipofungwa, alisimama pale penye uwazi wa mlango, akapanua mikono kana kwamba anaupima, akasema:

“Mulango muniachie miye.”

Watu wote wakasema asante. Mama Céline alikuwa ameshika ndoo ya udongo. Aliitazama ndoo.

Hakorimana hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye ugumu. Alikuwa mtu wa kutoa. Alimpa jirani jembe, na jirani yule akaonekana akilima shamba la Hakorimana kila wiki bila kuitwa. Alimpa mwingine kondoo, na yule mwingine hakuwahi tena kubishana naye kuhusu mpaka. Hakumdai mtu, alicheka tu, akamgonga bega. Alikuwa na mke wake, Athanasie, katika lupango lake, boma lenye ua wa matete, kule chini. Na chini ya lupango lile, karibu na kijito, lilikuwa shamba la marehemu Faustin, lenye udongo mweusi kama masizi, ambalo Mama Céline bado alililima.

Céline alikuwa msichana wa kungoja. Alimaliza shule ya msingi kwa masista akarudi kulima, na tangu utoto alikuwa na tabia ya kutazama kitu mpaka kikajionyesha chenyewe. Alimtazama mama yake siku kadhaa, kisha akamwuliza wakiwa wanachambua maharage.

“Mama, unamutaka?”

“Nani?”

“Papa mudogo.”

Mama alitupa punje mbovu nyuma yake. “Nilikuwaka na bwana. Alikufa. Miye sitafuti mwingine.”

“Basi mukatalie.”

“Nimukatalie namna gani? Angekuwa ananyanganya, ningepiga kelele, batu bangekuya. Lakini yeye anapana. Muntu anakupatia kitu mbele ya batu, utamujibu nini? Mutoto mwanaume sina, kaka yangu alikufa. Na siye banamuke hatusuke mulango.”

Hilo lilikuwa kweli. Mwanamke kusuka mlango kulikuwa sawa na mwanamke kupanda juu ya paa: hakuna aliyejua kama ni vibaya, lakini hakuna aliyewahi kuona.

Habari za Mushaki zililetwa na Jeannette, binti wa jirani, ambaye mdomo wake ulitembea kuliko miguu yake. Mzungu wa shamba la pareto alikuwa amekwenda kwao moja kwa moja. Mpishi wake, mzee mmoja mtu wa Walikale aitwaye Evode, hakupewa mshahara wa miezi ya mwisho. Aliambiwa tu na mzungu akiwa amekwisha kupanda gari: uza vitu, ndiyo mshahara wako. Basi alikuwa akiuza.

“Unajua Théogène alinunua nini?” Jeannette alisema. “Ile kitu ya muzungu ya kulala ndani ya maji. Ya mweupe. Anakamulia ndani ndizi ya kasiksi! Anasema, tangu azaliwe hajapata mutungi mukubwa vile.”

“Na wengine?”

“Karangwa alinunua dirisha ya kioo. Akaiweka kwa nyumba ya ng'ombe. Sasa ng'ombe zinaangalia batu banaopita barabarani. Kiti za mezani hakuna mwenye alizitaka, migongo mirefu sana, unakaa kama muntu anafungwa. Papa Evode akapatia kanisa bure. Siku ya Mungu batu ba mbele banakaa wima, hakuna kusinzia tena.”

Céline alicheka kama inavyopaswa. Kisha akauliza, “Na milango?”

“Milango? Banaiuzisha kama ndizi.”

Siku ile yote Céline alikuwa akizunguka neno moja kama kuku anayezunguka punje asiyoijua. Mlango unaoletwa una aliyeuleta. Mlango unaonunuliwa je? Huo umeletwa na nani? Aliangalia neno hilo mbele na nyuma, hakuona mwanaume ndani yake.

Asubuhi alichukua kamba ya mgomba, akapima uwazi wa mlango. Alifunga fundo kwa urefu na fundo kwa upana, akaivingirisha kiunoni, akashuka kwenda Mushaki.

Alimkuta Evode amekaa barazani juu ya debe, ndani ya aproni nyeupe iliyobaki na kazi yake. Nyuma yake nyumba ilikuwa wazi pande zote. Mabati ya upande mmoja yalikwisha kung'olewa, na mahali pa milango palikuwa na mashimo tu. Kuku waliingia sebuleni, wakatokea jikoni.

“Hodi, Papa.”

“Karibu. Nyumba haina kitu tena, lakini karibu.”

“Minatafuta mulango.”

“Ulichelewa. Ya salon ilienda. Ya vyumba ilienda. Inabakia ya depo tu. Kuya uione.”

Depo lilikuwa chumba kidogo ambamo mke wa mzungu alifungia sukari, mafuta na sabuni. Mlango wake ulikuwa wa mbao nyekundu, mzito, na ufunguo wake ulikuwa bado ndani ya kitasa. Chini kabisa ulikuwa umekatwa tundu la mraba, na tundu hilo lilifunikwa na kipande cha bati kinachoning'inia.

“Hii ya nini?” Céline aliuliza.

“Ya paka. Anaingia usiku kukamata panya, anasukuma na kichwa. Paka alikuwa na mulango yake, siye bapishi tulikuwa tunaomba ufunguo.”

Céline alifungua kamba yake, akapima. Urefu ulilingana na fundo. Upana ulipungua kidole, na kidole ni kazi ya udongo.

Evode alikuwa akimwangalia. “Nani anajenga?”

“Mama yangu. Papa alikuwa Faustin wa kule Kibabi. Alikataka maua ya pareto hapa.”

“Faustin yule wa kuimba?” Mzee alisimama. “Yule alikuwa anaimba mpaka madame anafunga dirisha? Alikufa?” Akaugonga mlango kwa kiganja. “Chukua. Chukua bure, mutoto. Miye nitatoa bisi zake, mutaibeba.”

“Hapana, Papa.”

“Hapana nini?”

“Uniuzishie.”

Evode alimtazama kama mtu anayetazama mvua inayopanda juu. “Tangu muzungu aende, batu banakuya hapa kulia. Punguza, Papa. Nina watoto, Papa. Wewe miye nakupatia bure, unaniomba bei?”

“Ukinipatia, itakuwa mulango yako. Kwetu, mwenye analeta mulango hapigi hodi. Anaingia tu.”

“Basi iwe yangu! Miye nitakuya Kibabi kufanya nini?”

“Batu batasema Papa Evode alijipatia nyumba na mama ndani yake.”

Kicheko kilimtoka mzee taratibu, kikakua, mpaka akachukua pembe ya aproni akajipangusa macho. “Kwetu Walikale mulango njo gome ya muti. Upepo ukiibeba, unabandua ingine. Sijasikia muntu anaoa na mulango!”

“Kwetu iko vile, Papa.”

“Aya. Niletee kitunga moja ya maharagi. Kijae. Na usiniletee ya kusalimia, uniletee ya bei!”

Nyumbani hakukuwa na maharage ya kujaza kikapu, isipokuwa mbegu. Mama alisikiliza habari yote bila kuacha kazi. Kisha akaingia, akatoa mbegu.

Wanawake wa milima ile hawakupanda haragwe la namna moja. Walipanda mchanganyiko, kwa sababu mvua inayoua hili hulibakiza lile. Kila mama alipewa mchanganyiko wake na mama yake, akaujua kama uso wa mtoto. Wa Mama Céline ulikuwa na ya manjano, na madogo meusi yenye jicho jeupe, na yale yenye madoa kama yai la kanga, na meupe membamba machache ambayo hakuna aliyekumbuka jina lake. Hakorimana, yeye, alimtaka mke wake apande ya aina moja tu, mekundu makubwa, kwa sababu wafanyabiashara wa Sake walitaka gunia lenye rangi moja. Lakini kuyachambua, kuyahifadhi na kuyajua ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanaume alijua maharage yalipokuwa yamekwisha kupikwa.

Mama alijaza kikapu mpaka ukingo, ukingo ule alioushonea kitambaa cha bluu ulipochanika. Alibakiza konzi moja, akaifunga katika ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni.

“Pita njia kubwa,” alisema. “Batu bakuone.”

Céline alipita njia kubwa. Kila aliyemwuliza anapeleka wapi maharage, alimjibu polepole na kwa sauti, “Minaenda kununua mulango.” Alijibu hivyo kisimani, alijibu mbele ya kanisa, na kwa wachunga ng'ombe alijibu kabla hawajauliza. Evode alipokea kikapu, akaingiza mkono mpaka kiwiko kuona kama chini hakuna mawe, akasema mlango utakuwa tayari Jumamosi, siku ya posho.

Kitu kinachosemwa njia kubwa hakikosi kufika kwa Hakorimana. Alikuja asubuhi, akaingia ndani ya nyumba isiyo na mlango, akaegemeza fimbo yake ukutani kama mtu aliyefika kwake, akatoka tena kukaa uani.

“Nasikia munauzisha mbegu,” alisema.

“Tulinunua mulango,” Céline akajibu.

“Mulango!” Alicheka, wala hakuwa amekasirika. “Mutoto wa kaka yangu, muntu ananunua chumvi. Muntu ananunua sabuni. Mulango? Si ungeniambia? Mama yako anatupa mbegu ya mama yake, miye niko hapa?”

“Hatukutaka kukusumbua, Papa mudogo.”

“Kunisumbua! Miye nitatengeneza hii maneno. Mama Céline, usiwe na wasiwasi.”

Alichukua fimbo yake, akaenda. Kesho yake watu walimwona akishuka njia ya Mushaki akivuta mbuzi. Siku iliyofuata alionekana amerudi, na mbuzi yuko zizini. Habari ya mbuzi haikumfikia Céline mapema, kwani Jeannette alikuwa kwa shangazi yake.

Jumamosi Jeannette alikuwa amerudi, wakaenda wote wawili. Mlango ulikuwa umelazwa barazani pamoja na fremu yake, na bisi zote, yaani skrubu zake, Evode alikuwa amezifunga katika jani.

“Papa mudogo yako alikuya hapa,” Evode alisema. “Muntu muzuri sana! Alitaka anipatie mbuzi, miye nimurudishie maharagi yako.”

Céline alikuwa ameinama kushika mlango. Hakuinuka. “Ulimurudishia?”

“Namna gani? Ilipanda camion ya Walikale siku ile ile, inaenda kwa bibi yangu. Nikamuambia, mbuzi ni nzuri, lakini maharagi imeisha kufika msituni. Akawaza. Halafu akasema, basi nipatie hata kitunga, iko ya nyumba yetu. Nikamupatia kitunga.”

“Tupu?”

“Tupu. Na mbuzi akarudi nayo.”

Jeannette alifungua mdomo. Céline akamtazama, mdomo ukafungika.

Walibeba mlango kichwani, umelala juu ya fremu yake, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kabla ya kupanda mlima mvua ilinyesha, lakini haikuwapata, kwa kuwa walitembea chini ya mbao kama chini ya paa. Wanaume waliojibanza chini ya mgomba waliwapigia kelele.

“E dada! Munahama na mulango, nyumba iko wapi?”

“Iko nyuma inakuya!” Jeannette alijibu. “Imechoka, iko inapumuzika!”

Kikapu kitupu, Céline alifikiri. Mtu anachukua kikapu kitupu kwenda kufanya nini? Aliyageuza mambo hayo mpaka akafika kwenye jibu, na jibu hilo halikumsaidia. Hata akijua, yeye ni msichana, na shahidi wake ni mgeni wa Walikale aliyebaki Mushaki. Upande wa pili ni mtu aliyempa kila mtu kitu.

Uani kwa mama yake walikuta watu wamejaa. Hakorimana alikuwa amewaita. Mtungi ulikuwepo, na wanaume walikuwa wamekwisha kuonja. Koko Élisabeth, bibi aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Athanasie, mke wa Hakorimana, alisimama mbali kwenye ua wa matete, mikono kifuani. Mama Céline alikuwa amesimama katikati ya uwazi wa mlango, mkono juu ya mti wa huku na mkono juu ya mti wa kule, kana kwamba yeye ndiye mlango. Nyuma yake, ndani, ilionekana fimbo ya Hakorimana imeegemea ukuta.

Na mbele ya Hakorimana kilikuwa kikapu chenye kitambaa cha bluu, kimejaa, kimefunikwa na jani la mgomba.

“Karibuni na mulango yangu!” alisema, akawasaidia kuutua. Kisha akawageukia watu. “Ndugu zangu, huyu mutoto alihangaika. Alibeba mbegu ya koko yake akaitupa Mushaki. Miye nilienda, nikamulipa yule muzee, mbegu akairudisha. Hii hapa. Nilisema mulango muniachie. Nimeileta.”

Watu waliguna kwa sauti ya chini, sauti ya kuridhika. “Muntu muzuri,” mmoja alisema. Jeannette alimminya Céline mbavu. Céline alitoa kata kichwani, akaikunja. Akachuchumaa mbele ya kikapu, akainua jani. Aliangalia ndani. Akalirudisha jani mahali pake.

“Papa mudogo, tunakushukuru kwa safari.”

“Si kitu.”

“Maharagi ni yale yale?”

“Yale yale.”

“Papa Evode hakupunguza?”

“Hata moja! Nilibeba mwenyewe. Naapa kwa jina ya kaka yangu mwenye alikufa, sikutoa, sikuongeza.”

Watu wakatazamana, maana jina la marehemu si kitu cha kuweka juu ya maharage. Mama Céline alishusha mkono mmoja.

“Basi Koko,” Céline alimwambia Élisabeth, “utusaidie kuangalia mbegu kama haikupata maji. Wewe uliijua kabla yetu.”

Koko Élisabeth alisogezewa kikapu. Alitupa jani, akachota, akaacha punje zianguke kati ya vidole. Akachota tena, chini zaidi. Akachota chini kabisa.

“Maharagi ya koko yako nilikulaka mama yako akiwa mutoto wa kunyonya,” alisema. “Iko wapi ya manjano? Iko wapi ile ya jicho? Hapa naona mekundu, na mekundu, na mekundu. Yote sura moja, kama basoda ba kambi ya Mubambiro kwa mustari.”

Mwanamke mmoja alicheka, akajifunika mdomo. Wengine walisogea. Kila mmoja alitia mkono, akaangalia, akampisha mwenzake. Wanaume walibaki na vikombe vyao, hawajui kinachoangaliwa.

“Maharagi iko maharagi,” Hakorimana alisema.

“Kwa mudomo, ndiyo,” Koko Élisabeth akajibu. “Kwa macho, hapana.”

Ndipo Athanasie alipotoka kwenye ua. Alitembea bila haraka, akafika, akachukua punje moja, akaigeuza kwenye mwanga.

“Iko yangu,” alisema. “Tangu juzi najiuliza panya gani alifungua mbegu yangu. Nikatega mutego. Kumbe ni panya wa kuvaa kofia.”

Hapo kicheko kilipasuka, hata kwa wanaume, na Hakorimana aliivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. Alianza maneno mawili matatu juu ya mbuzi, lakini mbuzi mwenyewe alikuwa analia kule chini zizini, na kila mtu alimsikia.

Céline alisimama. Hakuinua sauti.

“Bei yetu ilibakia Mushaki, kwa Papa Evode. Mulango ililipwa. Na kitunga ni yetu. Mama mudogo, maharagi ni yako, ubebe.”

Athanasie aliangalia kikapu, akaangalia watu, akaangalia mume wake kwa muda kidogo tu. Alitandika kikwembe chini, akamimina nusu, akafunga.

“Hii ya kupanda,” alisema. “Ile ingine muipike, batu bakule. Na mukumbuke: nyumba hii ilijengwa, Athanasie akaleta maharagi. Athanasie. Si mwingine.”

“Tutakumbuka,” Mama Céline alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

Maharage yakawekwa motoni. Wanaume waliisimamisha fremu, wakaigongea kabari za miti, na wanawake wakaziba uwazi wa kila upande kwa udongo uliokanyagwa na majani makavu. Hakorimana naye aligonga kabari moja, akaigonga vizuri. Mlango ulipoingizwa, ukafunga vizuri, watu walikuja mmoja mmoja kuufungua na kuufunga, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa mlango unaozunguka. Tundu la paka liliwapendeza kuliko kitasa.

“Hakorimana!” Koko Élisabeth aliita kutoka kwenye kinu chake. “Ukitaka kuingia bila hodi, mulango yako iko chini hapo.”

Walikula. Maharage mekundu yalikuwa na ladha nzuri, hakuna aliyesema vinginevyo. Jua liliposhuka nyuma ya mlima, Mama Céline alinawa mikono, akaingia ndani peke yake, akauvuta mlango. Watu waliokuwa uani walisikia ufunguo ukizunguka. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama jino linalovunja mfupa wa kuku.

Wakaanza kuagana. Hakorimana alisimama, akajipapasa, akatazama huku na huku. Fimbo yake haikuwepo. Akakumbuka ilipo.

Alikwenda mpaka mbele ya mlango. Alinyoosha mkono, akaugusa ubao. Mkono ukabaki pale. Nyuma yake vikombe havikugongana tena.

Alikohoa.

“Hodi,” alisema.

“Nani?” Mama Céline aliuliza kutoka ndani.

“Ni miye. Hakorimana.”

“Unataka nini?”

“Fimbo yangu.”

“Ungoje.”

Alingoja. Kisha chini, karibu na miguu yake, kipande cha bati kikainuka. Ncha ya fimbo ikatokea kwenye tundu la paka, ikasogea, ikasogea, mpaka ikatoka yote ikalala juu ya udongo mbichi. Bati likarudi mahali pake, likagonga mara moja.

Hakorimana aliinama, akaiokota, akaipangusa kwa kiganja. Athanasie alikuwa amekwisha kutangulia njiani, na kikwembe chake cha mbegu kilikuwa kichwani.